Hesabu ya Kila Siku: Mhadhara juu ya Kukaa kwa Mashauri Mahakamani

Mada niliyopewa ni kuchelewa kwa mashauri mahakamani, na kwa kuwa ni nadra hapa Kabwe kuiona nyumba isiyokuwa na jamaa au jirani aliyepanda Namanyere kwa ajili ya kesi akarudi na tarehe nyingine, sitapoteza wakati wenu kwa kuthibitisha kwamba mashauri yanachelewa. Nitaanzia mahali pengine kabisa, katika kanuni moja ya mahakama zetu ambayo aghalabu haijulikani nje ya mahakama, na ambayo, kwa rai yangu, imebeba dawa ya maradhi haya, lau ingetumika kwa wote wanaosimama mbele ya hakimu badala ya kutumika kwa mmoja tu.

Mtu aliyeshindwa shauri lake katika Mahakama ya Mwanzo amepewa na sheria siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Wilaya. Na mtu aliyetiwa hatiani kwa kosa la jinai katika Mahakama ya Wilaya hana budi kutoa taarifa ya kusudio lake la kukata rufaa katika muda wa siku 10, kisha ailete rufaa yenyewe katika muda wa siku 45. Akiupitisha muda huo mlango hufungwa, wala haufunguliwi mpaka aandike maombi ya kuongezewa muda na kuapa kiapo cha kueleza sababu. Na Mahakama ya Rufani ya Tanzania imeshikilia, katika maamuzi yaliyorudiwa mara nyingi, kwamba mwombaji hutakiwa kutoa hesabu ya kila siku aliyochelewa, hata ikiwa siku yenyewe ni moja. Akisema aliugua, alete cheti. Akisema alisafiri, aseme aliondoka lini na alirejea lini. Akisema alikuwa akitafuta nauli ya kushuka na kupanda, aghalabu ataambiwa kwamba ufukara peke yake si hujja ya kutosha.

Sina ugomvi na kanuni hiyo. Shauri lisilokuwa na mwisho ni dhulma kwa aliyeshinda, na mtu aliyelala juu ya haki yake kwa miezi mingi hana haki ya kumkesheza mwenzake. Lakini nauliza, na swali hili ndilo mhadhara wangu wote: ikiwa mvuvi wa Kabwe, ambaye hakusoma sheria wala hana wakili, hudaiwa hesabu ya kila siku aliyoichelewesha mahakama, je, nani hudaiwa hesabu ya siku ambazo mahakama, au polisi, au ofisi ya mashtaka, imemchelewesha yeye?

Tazameni njia anayopita mtu wa hapa akikamatwa kwa tuhuma ya mauaji, nami nachagua mauaji kwa makusudi, maana ndipo njia ilipo ndefu kuliko zote. Hufikishwa mbele ya hakimu, akasomewa shtaka, akaambiwa asijibu neno, kwa kuwa mahakama ile haina mamlaka ya kulisikiliza shauri hilo. Dhamana hana, maana sheria imeifunga, basi hupelekwa mahabusu. Baada ya siku 14 huletwa tena, shauri likatajwa, mwendesha mashtaka akasimama na kusema maneno ambayo watu wote wenye jamaa zao gerezani wameyahifadhi kwa moyo, kwamba upelelezi haujakamilika, basi ikapangwa tarehe nyingine. Na baada ya siku 14 maneno ni yale yale. Upelelezi ukikamilika, jalada huenda katika ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka likasomwe. Likirudi, mshtakiwa husomewa maelezo ya mashahidi, kisha shauri huhamishiwa Mahakama Kuu. Na huko Sumbawanga, ambako Mahakama Kuu inahudumia mikoa miwili, Rukwa na Katavi, hana budi kungoja kikao, na kikao hakikai mpaka lipatikane fungu la fedha la kuwaleta mashahidi, kuwalipa mawakili wa kuwatetea wasiojiweza, na kumsafirisha jaji ikiwa kikao kinakaa mahali pengine. Katika hatua zote hizo, kila mmoja anaweza kuwa ametimiza wajibu wake kwa kadiri ya uwezo wake, na mtu yule akawa bado ameketi ndani miaka, hana hatia iliyothibitishwa wala usafi uliotangazwa.

Sheria haikunyamaza kabisa juu ya jambo hili. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inasema kwamba mahakama ya chini isimwahirishie aliye mahabusu kwa zaidi ya siku 15 kwa mara moja, na kwamba kwa makosa mengi jumla ya maahirisho isizidi siku 60, ila zikiletwa hati, kwanza ya mkuu wa upelelezi wa mkoa, kisha ya wakili wa serikali, na hatimaye ya Mkurugenzi wa Mashtaka, na hata hivyo isipite miezi 24. Mwaka 2022 Bunge likaongeza sharti kwamba mashtaka yasifunguliwe mahakamani kabla ya upelelezi kukamilika. Haya ni mambo mema, nami nayataja kwa shukrani. Lakini angalieni nani aliyeachwa nje ya boma: makosa mazito, yale yale ambayo mtuhumiwa wake hana dhamana na ambayo humweka ndani muda mrefu kuliko yote, ndiyo yaliyotolewa katika masharti hayo, hata ikawa mwenye kesi ya kuiba kuku analindwa na saa ya sheria, ilhali mwenye kesi ya kunyongwa hana saa. Na hata pale ambapo muda umekwisha na mahakama ikamwachilia mtu, kuachiliwa huko si kusafishwa. Anaweza kukamatwa tena kabla hajafika nje ya uzio na kuanza upya siku ya kwanza.

Yaliyotokea katika mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mliyasoma magazetini. Mashekhe wa Jumuiya ya Uamsho ya Zanzibar, wakiongozwa na Sheikh Farid Hadi Ahmed na Sheikh Mselem Ali Mselem, pamoja na wenzao, walishtakiwa kwa ugaidi mwaka 2014, wakakaa mahabusu mpaka Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyaondoa mashtaka wakaachiwa huru. Katika miaka hiyo yote hapakutolewa hukumu ya kusema walitenda au hawakutenda. Mfanyabiashara James Rugemalira alitiwa ndani Juni 2017 kwa tuhuma za uhujumu uchumi na utakatishaji wa fedha, akatoka Septemba 2021 mashtaka yalipoondolewa, naye pia bila hukumu. Mwandishi wa habari Erick Kabendera alikamatwa Julai 2019. Mama yake mzazi akafariki mwishoni mwa Desemba mwaka ule ule, na mwana hakuruhusiwa kwenda kumzika. Februari 2020 akatoka kwa makubaliano ya kukiri na kulipa. Sitaki kuingia katika undani wa tuhuma zao, maana mimi si hakimu na siku ya kuzipima haikufika. Nasema tu kwamba hawa walikuwa watu wenye majina, wenye mawakili, wenye magazeti yaliyohesabu siku zao, na hata hivyo siku zilipita. Basi jaalieni hali ya kijana wa mwambao wetu ambaye jina lake halijapata kuandikwa popote ila katika daftari la mahabusu.

Hapa ndipo ninapokuja kwenye jambo ambalo naomba mlizingatie kuliko yote niliyosema. Watu wengi husema kwamba ucheleweshaji unawaumiza wote wawili, mdai na mdaiwa, mshtaki na mshtakiwa, na kwa hiyo wanauhesabu kuwa ni msiba kama ukame, usiokuwa na mtu wa kulaumiwa. Si kweli. Muda katika shauri una upande. Katika jinai upo upande wa aliyeshika funguo, kwa maana kila siku inayopita bila ushahidi kusikilizwa ni siku ya kifungo iliyokwisha kutumikiwa na mtu ambaye Katiba, katika ibara ya 13, inamhesabu kuwa hana kosa. Na mtu huyo, akiona kwamba kusikilizwa hakuji, ataliona kila pendekezo la kukiri na kulipa kuwa ni nafuu, awe ametenda au hakutenda. Katika madai muda upo upande wa aliyeshika mali. Aliyelivamia shamba hulilima wakati shauri linapoendelea, akavuna, akauza, na kwa mavuno ya shamba la mwenziwe akamlipa wakili wa kulirefusha shauri. Aliyenyang'anywa hukodi shamba jingine, au hali. Kwa hiyo, shauri linapoahirishwa, mmoja hupata kitu, na mwenziwe hutozwa.

Nanyi watu wa ziwani hutozwa zaidi ya wengine, kwa sababu ambayo sijaisikia ikitajwa katika kikao chochote cha wakubwa. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa kwa taa, katika giza la mwezi. Mbalamwezi ikiwaka samaki hawakusanyiki, na mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mvuvi ana siku za kazi na siku za kungoja, ambazo hazifuati kalenda ya serikali bali zinafuata mwezi. Sasa hesabuni: kesi inayotajwa kila baada ya siku 14 itakuangukia mara mbili katika kila mwezi wa mwandamo, na mara moja katika hizo mbili haikosi kuwa karibu na giza. Aliye nje kwa dhamana, na mdhamini wake, na jamaa wanaomfuata, hupanda Namanyere katika siku ambazo walistahili kuwa majini, wakatumia nauli na chakula na malazi, kusudi waambiwe kwamba upelelezi haujakamilika. Na ndugu zetu wa juu, wa Uwanda wa Ufipa, nao wana giza lao, nalo ni Novemba na Desemba, mvua inapoanza na mahindi hayana budi kuingia ardhini. Anayeitwa mahakamani siku hizo hupoteza msimu, na msimu haurudishwi na hukumu yoyote.

Mashahidi nao wana miguu. Mtu aliyeshuhudia ugomvi ufukweni mwezi wa Machi, ifikapo mwaka unaofuata huenda yuko Karema au Kasanga, au amevuka kwenda Moba au Kalemie upande wa Kongo, akifuata samaki; hati ya wito ikifika huku, mpelekaji huirudisha na kuandika kwamba hakuonekana. Wengine hufa. Walio hai husahau, na wasiosahau huchoka, kwa kuwa shahidi aliyepanda mara nyingi bila kusikilizwa na bila kurudishiwa nauli hujifunza kutokuona. Ndiyo maana ucheleweshaji, ambao humwonea asiye na hatia, humnufaisha pia mwenye hatia aliye nje kwa dhamana: yeye hungoja tu mpaka ushahidi utawanyike, kisha huachiliwa kwa kukosekana kwa bayana, na aliyedhulumiwa humwona akipita sokoni. Na vielelezo? Mtumbwi uliokamatwa, injini yake, nyavu zake, vikiwekwa uani kwa polisi vingojee shauri, mbao hupasuka kwa jua na chuma hushika kutu, hata mwenyewe anaposhinda hurudishiwa kuni.

Katika mashauri ya ardhi madhara yamejificha zaidi, nami nitakaa hapo kidogo, kwa kuwa ndiko kunakotoka ugomvi mwingi wa vijiji vyetu. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliweka ngazi tano: Baraza la Ardhi la Kijiji, Baraza la Kata, Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Mahakama Kuu, na Mahakama ya Rufani, na tangu mwaka 2021 Baraza la Kata limebakiziwa kazi ya kusuluhisha tu. Katika Baraza la Wilaya mwenyekiti huketi na wazee wa baraza, ambao sheria inawataka watoe maoni yao kwa maandishi kabla ya hukumu, na maoni hayo yasomwe wadaawa wakisikia. Katika miaka ya karibuni Mahakama ya Rufani imefuta mashauri mengi ya namna hii, baada ya kugundua kwamba maoni ya wazee hayakusomwa, au hayamo katika mwenendo, na ikaamuru shauri lirudi chini lisikilizwe upya. Kwa upande wa sheria, pengine hapakuwa na njia nyingine. Lakini mtu aliyelidai shamba la baba yake, akashinda barazani, akakatiwa rufaa, akashinda Mahakama Kuu, akakatiwa tena, kisha akaambiwa mbele ya majaji watatu kwamba yote yamekuwa batili kwa kosa alilolifanya mwenyekiti siku ile ya hukumu ya kwanza, mtu huyo huanza upya akiwa na mvi, mashahidi wake wamekwisha kuzikwa, na mpinzani wake yungali akilima. Sheria ya Ukomo wa Madai ya mwaka 1971 imempa raia miaka 12 ya kudai ardhi yake, na ikipita, basi. Kwa hiyo sheria inajua fika kwamba wakati unaweza kuiua haki. Imeyaandika maarifa hayo dhidi ya raia, haikuyaandika dhidi ya baraza. Na kosa lililotendwa na mwenye cheo limelipwa na asiyekuwa nacho.

Wako watakaosema kwamba mambo haya ni ya mahakama na wenye kesi, hayamhusu mtu mwingine. Historia ya Ufipa inasema vinginevyo. Wazee wenu wanakumbuka, au wamesimuliwa, zama za mahakama za wenyeji chini ya machifu, zilizowekwa na Waingereza kwa sheria ya mwaka 1929 na kubadilishwa jina kuwa mahakama za mitaa mwaka 1951, ambamo shauri lilisemwa chini ya macho ya watu wanaowajua wagomvi, na mara nyingi likaisha kabla jua halijatua. Sizisifu mno mahakama zile: chifu alikuwa mtawala na kadhi kwa pamoja, na mwenye kesi dhidi ya chifu hakuwa na pa kwenda. Ilikuwa insafu kuziondoa. Mwaka 1963 uchifu ukafutwa na sheria, na mwaka ule ule Bunge likapitisha sheria ya kuziweka mahakama zote chini ya mfumo mmoja wa taifa, na Mahakama ya Mwanzo ikawa mlango wa raia wa kawaida. Na katika miaka hiyo hiyo ya 1963 na 1964, watu walioitwa Kamchape walizunguka vijiji vya Ufipa wakiwataja wachawi na kugawa dawa ya kinga. Mwanachuoni Mwingereza Roy Willis, aliyekaa Ufipa akichunguza habari zetu, aliandika makala juu yao mwaka 1968. Sidai kwamba kubadilika kwa mahakama ndiko kulikowaleta Kamchape, maana uganga wa namna hiyo ulikuwa umeshapita katika nchi za jirani miaka mingi kabla ya hapo. Nasema hivi: Kamchape walitoa hukumu siku ile ile. Mtu aliyefiwa na watoto, au aliyepoteza shamba, alielezwa kabla ya usiku nani aliyemtenda. Uamuzi huo ulikuwa wa uongo, na ulimvunjia heshima bibi kizee asiyekuwa na kosa, lakini ulikuwa uamuzi. Na katika zama zetu, vijiji vya mkoa huu vinapowaita wale waganga wa kufichua wachawi waitwao lambalamba, au vijana wanapomzunguka mwizi kwa mawe badala ya kumpeleka kituoni, na ukawauliza kwa nini, jibu watakalokupa ni kwamba akipelekwa atatoka kesho, na kesi haitaisha. Jibu hilo halihalalishi damu. Lakini linatuonyesha kwamba mahali ambapo hukumu ya haki haifiki, hapabaki patupu. Hujaa hukumu ya namna nyingine.

Sasa niseme kwa uadilifu juu ya wale wanaoketi kwenye kiti. Hakimu wa mahakama ya chini, kwa muda mrefu, ameandika kila neno la shahidi kwa mkono wake, akiwa yeye ni msikilizaji, mwandishi na mwamuzi kwa pamoja. Karani wake huchapa mwenendo uliorundikiwa majalada mengine juu yake. Na rufaa ya mtu hungoja nakala hiyo ichapwe. Serikali na Mahakama hazikukaa kimya: tume iliyoongozwa na Pius Msekwa ilichunguza mfumo wa mahakama ikatoa taarifa mwaka 1977, Mahakama ya Rufani yetu wenyewe ilianzishwa mwaka 1979 baada ya kuvunjika kwa Jumuiya ya Afrika Mashariki, usuluhishi wa lazima katika mashauri ya madai uliingizwa mwaka 1994, mwaka 2021 Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama, na vituo jumuishi vya utoaji haki vikafunguliwa katika miji mikubwa, na mwaka 2023 tume ya haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikakabidhi taarifa yake kwa Rais. Mahakama yenyewe imejiwekea kipimo, kwamba shauri likizidi miezi 6 katika Mahakama ya Mwanzo, miezi 12 katika ile ya Wilaya, au miezi 24 katika Mahakama Kuu, lihesabiwe kuwa mlundikano. Ni kipimo kizuri. Lakini mlundikano huhesabiwa kwa jumla, kwa asilimia, katika taarifa ya mwaka. Na anayetakiwa kujieleza kwa asilimia hajielezi kwa mtu yeyote. Raia hakuruhusiwa kuleta asilimia. Alitakiwa kuleta siku.

Wala kanuni ninayoitaka si uzushi wangu. Imepokewa katika vitabu vya fiqhi barua ya Khalifa Umar bin al-Khattab kwa Abu Musa al-Ash'ari, alipomweka kuwa kadhi, na miongoni mwa aliyomwagiza ni kwamba mwenye kudai haki iliyo ghaibu, au ushahidi usiokuwepo, awekewe muda maalumu wa kuishia. Akiuleta ushahidi wake apewe haki yake, na asipouleta, hukumu itolewe dhidi yake. Yaani aliyekuja kushtaki ndiye aliyefungwa na muda. Ukitupia macho nchi ya Waingereza, ambao ndio waliotuachia taratibu tunazozitumia, utakuta mwaka 1215 walimlazimisha mfalme wao aahidi kutouza haki, kutoinyima, wala kutoichelewesha. Katiba yetu wenyewe, kwa mabadiliko ya mwaka 2000, imeziamuru mahakama katika ibara ya 107A zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi. Jirani zetu wa Kenya, katika Katiba yao ya mwaka 2010, wameitaka Mahakama yao ya Juu iamue shauri la uchaguzi wa Rais katika siku 14. Na mwaka 2013, 2017 na 2022 majaji waliketi na kuamua, ingawa jambo lenyewe lilikuwa zito kuliko kesi zote za mtumbwi zilizopata kuamuliwa katika ziwa hili. Siku 14! Muda ule ule ambao huku kwetu unatosha kusema kwamba upelelezi haujakamilika. Na hapo Arusha, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua Machi 2016, katika shauri la raia 10 wa Kenya waliokuwa wameletwa nchini kutoka Msumbiji mwaka 2006, kwamba Tanzania ilikiuka ibara ya 7 ya Mkataba wa Afrika kwa kulichelewesha shauri lao. Nasikitika kusema kwamba Novemba 2019 serikali yetu iliondoa tamko lililomruhusu raia kuiendea mahakama hiyo moja kwa moja. Mlango huo umefungwa, na kwa maoni yangu ufunguliwe.

Ninachokitaka, basi, ni kidogo kwa maneno na kikubwa kwa matendo. Kila shauri linapoahirishwa, iandikwe katika mwenendo nani aliyeomba ahirisho, kwa sababu gani, na amefanya nini tangu ahirisho lililotangulia. Mpelelezi asiruhusiwe kusema kwamba upelelezi haujakamilika mpaka aseme ni shahidi yupi bado hajaandikwa, ni taarifa gani ya mkemia inangojwa, na iliombwa tarehe gani. Na makosa yasiyo na dhamana, mauaji yakiwemo, yawekewe kikomo na sheria kama makosa mengine, ili muda ukiisha mshtakiwa asikilizwe au aachiliwe kwa namna ambayo haitamrudisha ndani kwa shtaka lile lile pasipo ushahidi mpya. Najua jibu la wakubwa: kwamba kumbana mpelelezi ni kuwaachia wauaji. Nami nawajibu kwamba muuaji aliyekaa ndani miaka sita bila kusikilizwa huachiliwa vile vile, na mashahidi wamekwisha kutoweka, na jamaa wa marehemu hawapati chochote; mwenye kutaka muuaji afungwe na atake asikilizwe mapema, mashahidi wangali hai na wangali hapa. Kuna pia hofu ya haraka, na hofu hiyo naiheshimu zaidi, maana hukumu ya kukurupuka ni dhulma yenye mbio. Lakini sidai kwamba hakimu aharakishe kufikiri. Nadai kwamba siku ambazo hakuna mtu anayefikiri, jalada limelala tu, zitolewe maelezo.

Wakati wa mambo hayo kukubaliwa haujafika, na huenda usifike upesi, kwa hiyo nimalizie na lile lililo katika uwezo wenu. Yeyote mwenye shauri, au mwenye jamaa mahabusu, anunue daftari. Kila tarehe ya mahakama aandike siku, jina na cheo cha aliyeomba ahirisho, sababu iliyotajwa, na tarehe mpya. Na linapoahirishwa asimame kwa adabu amwombe mheshimiwa hakimu sababu hiyo iandikwe katika mwenendo, kwa kuwa kuomba hivyo si utovu wa heshima. Sababu ile ile ikirudiwa mara nyingi bila mabadiliko, daftari lipelekwe kwa hakimu mfawidhi. Ikiwa lalamiko ni juu ya mwenendo wa hakimu mwenyewe, ipo kamati ya maadili ya maafisa wa mahakama ya wilaya, iliyowekwa na sheria ya mwaka 2011, nayo hupokea malalamiko ya raia. Kila mwaka, mwishoni mwa Januari, Mahakama hufanya Wiki ya Sheria, na mahakimu hutoka kuwasikiliza watu. Pelekeni madaftari siku hizo, mkiwa wengi kwa pamoja, wa Kabwe na wa Kirando na wa Kipili, na mwaombe wasome.